Trekta Lililokuwa Likichoka Kwa Shemhilu

Enzi zile za sweta moja kwa watoto watatu, sisi wa Malindi, juu huku Lushoto, tulikuwa na trekta moja. Wa rika langu wanalikumbuka. Upande wa kushoto lilikuwa jekundu, na upande wa kulia lilikuwa na rangi ambayo kamati iliita nyekundu. Lilikuwa mali ya kikundi cha wakulima wa kijiji, na kazi yake haikuwa kulima, maana kwenye miteremko yetu ukianza kulima na trekta juu, utamalizia kulitafuta bondeni. Lilivuta tela la kabichi, karoti, viazi na mafyulisi kutoka mashambani hadi barabara kubwa, ambako lori la mnunuzi lilisubiri kila Jumamosi.

Dereva alikuwa baba yangu, Zakaria. Kazi hiyo alijifunza kwenye mashamba ya mkonge kule Muheza, kisha akarudi mlimani na kofia moja, spana kumi na mbili na imani kwamba mashine ikitunzwa haizeeki. Asubuhi alilifuta trekta kabla hajanawa uso. Mama alisema, "Baba yenu angekuwa na maziwa ya kutosha, lile trekta angelinyonyesha." Baba hakucheka. Alijibu kwamba trekta halinywi maziwa.

Sisi watoto tulijua saa kwa mlio wake. Likiwashwa, moshi mweusi ulipanda ukachanganyika na ukungu, na tulijua tumekwisha kuchelewa shule, tena tukiwa na kuni kichwani kwa ajili ya jiko la walimu na kopo la mbolea kwa ajili ya bustani. Jumamosi tuliruhusiwa kupanda juu ya kabichi. Hakuna kiti nilichokalia maishani kilichonifurahisha kama kabichi za tela lile, zikiwa bado na umande, huku makande ya jana yamefungwa kwenye jani la mgomba mapajani. Wavulana walikuja nyuma na baiskeli zao za mbao, zisizo na breki wala huruma. Wajukuu wa leo wakipanda gari la kiyoyozi wanauliza kama kuna intaneti. Sisi tuliuliza kama kuna nafasi, na tukiambiwa hakuna, tulipanda.

Masika ya mwaka niliokuwa darasa la tano, maji yaliingia kwenye dizeli. Injini ikawa inakohoa na kutoa moshi mweupe. Baba akafungua koki ya chini ya tangi, akamwaga maji, akasafisha filta, mambo yakawa sawa. Kisha akanituma nyumbani nikamletee kipande cha sabuni ya kufulia. Mama aliuliza cha nini. Nikasema cha trekta. Mama akatoa, maana alikuwa amekwisha kuzoea.

Jumamosi ya kwanza baada ya hapo trekta likaanza kuchoka.

Lilichoka mahali pamoja: kwenye kona ya kwa Shemhilu, mwinuko mkali kuliko yote, mwendo wa kama nusu saa kutoka mashambani. Lilifika pale vizuri, likaanza kupanda, halafu mlio ukashuka polepole kama mtu anayesinzia kanisani, mpaka likazima. Abiria wote wakashuka, kila mmoja na utambuzi wake. Mmoja alisema ni rejeta. Mwingine alisema ni uzito, akimtazama shemeji yake. Mwinjilisti wetu akavua kofia akaomba, na ustadhi aliyekuwa akipeleka karoti zake akainua mikono upande wa pili wa tela. Wakati wanaomba, Baba alifungua mfuniko wa tangi, akachovya kijiti kuona kama dizeli ipo. Ilikuwapo. Akafunga, akasukuma pampu ndogo ya mkono ya kuvutia dizeli, ubavuni mwa injini, akawasha. Trekta likapanda kama ndama.

"Amina," wakasema wote.

Jumamosi iliyofuata ikawa vilevile. Baba akalala na swali. Alibadilisha filta ya dizeli. Alifungua chujio la hewa akakuta vumbi kiasi na panzi mmoja, akawatoa wote wawili. Alitazama kama bomba la moshi limeziba. Alinyanyua magurudumu ya nyuma kwa jeki akayazungusha kwa mkono, kuona kama breki zinashika. Nozeli, zile za kupulizia dizeli ndani ya injini, zikashushwa Muheza kwa fundi, naye akazirudisha na ujumbe kwamba ni nzima, ila salamu. Baada ya kila matengenezo Baba alilijaribu kwenye uwanja wa shule, raundi kumi. Lilinguruma vizuri mpaka walimu wakafunga madirisha. Jumamosi likazima kwa Shemhilu.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Nani alianza, sijui. Yalisema Zakaria anauza dizeli na kujazia mafuta ya taa, ndiyo maana injini haina nguvu. Na mafuta ya taa angeyapata wapi, kama si kwa Bibi Zaina?

Bibi Zaina alikuwa mjane, jirani yetu, akiuza mafuta ya taa kwa vibaba katika kibanda karibu na msikiti. Aliyauza bila kudanganya kipimo tangu sijazaliwa. Ndani ya wiki moja watu wakaanza kupeleka chupa zao kijiji cha pili. Mjukuu wake, Mwanaidi, alikuwa rafiki yangu na tulikaa dawati moja. Jumatatu moja nilifika darasani nikakuta amehamia la nyuma. Nilikaa siku nzima na nusu ya dawati ambayo sikuwa na la kuifanyia.

Nyumbani Baba alikula kidogo na kufuta trekta zaidi. Siku moja nilimsikia Mama akimwambia kwa Kishambaa ajitetee. Baba akajibu kwa Kiswahili, kama mtu aliye mbele ya kikao: "Nitajitetea na nini? Mimi mwenyewe sijui lina nini."

Kamati ikaamua. Mwenyekiti, Mzee Kaniki, alikuja nyumbani na kusema kwa upole kwamba Jumamosi atapanda yeye mwenyewe. Likizima tena, ufunguo ataushika mwingine.

Jumamosi hiyo, kabla jua halijatoboa ukungu, Bibi Zaina alisimama mlangoni kwetu amejifunga kanga mbili kwa baridi, Mwanaidi nyuma yake.

"Shikamoo Bi Zaina," Baba akasema.

"Marahaba, baba Eliza. Nimekuja kupanda tela."

"Una mzigo?"

"Jina langu ndilo mzigo. Wanasema mafuta yangu yanaua trekta. Nataka nilione likifa."

Baba akafikiri, akasema, "Kaa mbele, nyuma kunarusha."

Tukaenda. Mwenyekiti alikaa juu ya viazi, mwinjilisti juu ya kabichi, mimi na Mwanaidi kila mmoja kwenye pembe yake. Bibi Zaina alisimama mbele kabisa ya tela, ameshika ubao, akimtazama Baba kisogoni. Tulipofika kwa Shemhilu mlio ukashuka, ukashuka, ukaisha. Nilisikia maji ya kijito bondeni, na mwenyekiti akikohoa bila sababu.

Mwinjilisti akavua kofia. Baba akashuka, akafungua mfuniko.

"Subiri," akasema Bibi Zaina. "Sauti gani hiyo?"

"Ipi?"

"Umefungua, pamelia fyuuu. Kama mtu aliyevuta pumzi."

"Hulia hivyo siku zote."

"Siku zote tangu lini?"

Bibi Zaina akashuka kwenye tela, taratibu, goti moja lilikuwa linamsumbua, akaja mpaka kwenye trekta. Mimi nikateremka nikasimama nyuma yao.

"Baba Eliza," akasema kwa sauti ya chini, "mimi si fundi. Mimi nauza mafuta. Debe nikilitoboa tundu moja tu, mafuta yanatoka kidogo yanagoma. Mpaka nitoboe la pili, hewa iingie, ndipo yanashuka. Huo mfuniko wako una tundu?"

Baba aliugeuza mfuniko mkononi. Akautazama kwa muda ambao mwinjilisti alimaliza sala nzima.

"Lilikuwapo," akasema.

"Likaenda wapi?"

"Niliziba. Kwa sabuni. Maji ya mvua yalikuwa yanaingia."

Hata mimi, wa darasa la tano, nilielewa. Injini inanyonya dizeli, hewa ya kujaza nafasi yake haiingii, na baada ya nusu saa tangi linabana mafuta yake kama debe lenye tundu moja. Mlimani, injini inapotaka mafuta mengi, hayaji. Baba akifungua mfuniko kuchungulia, hewa inaingia, trekta linapona, watu wanasema amina. Kwenye uwanja wa shule raundi kumi hazikufika hata robo saa.

Bibi Zaina akachomoa pini kwenye ushungi wake, akampa. Baba akachokonoa. Sabuni ikadondoka, kipande kidogo kama punje ya mahindi.

"Vipi huko, Zakaria?" mwenyekiti akauliza kutoka juu ya viazi. "Limeonekana tatizo?"

Hapo nilimtazama Baba, na nadhani ndipo nilipoanza kumjua. Tulioyajua yale ni sisi watatu tu. Angeweza kusema ni uchafu kwenye mfuniko, na lingekuwa neno la kweli nusu. Bibi Zaina mwenyewe aligeuka akaanza kukagua kabichi, moja baada ya nyingine, kama mnunuzi. Alimwachia njia.

Baba akafunga mfuniko. Akavua kofia, jambo ambalo hakulifanya hata kwa mwinjilisti.

"Limeonekana," akasema kwa sauti ya kusikika tela zima. "Tatizo ni mimi. Niliziba tundu la hewa kwa mkono wangu, nikabadilisha kila kitu isipokuwa hicho, kwa sababu nilichokifanya mwenyewe sikukishuku. Dizeli haikuchanganywa na kitu. Bi Zaina hana kosa, na ndiye aliyegundua. Bi Zaina, nisamehe. Umesemwa vibaya kwa ajili yangu."

"Nimesikia," akasema Bibi Zaina. "Sasa washa, goti linaniuma."

Likawaka. Likapanda kwa Shemhilu bila kubadili sauti, likapita kona, likashika tambarare. Hakuna aliyesema amina. Mwinjilisti alikaa na kofia yake mapajani, akionekana kama mtu aliyenyang'anywa muujiza. Lori tulilikuta, maana dereva wake alikuwa bado anakula.

Kamati ilikaa Jumatatu. Baba aliachiwa ufunguo, kwa sababu, alisema Mzee Kaniki, mtu anayejua kosa lake hafai kupotezwa, na pia hakukuwa na mwingine anayejua kuendesha. Kuhusu maneno yaliyosambazwa, kikao kilichunguza chanzo chake na kugundua kwamba hakuna mtu yeyote kijijini aliyewahi kuyasema. Chupa zikarudi kibandani kwa Bibi Zaina, moja moja, kila moja ikisema kwamba njia ya kijiji cha pili ina utelezi. Yeye alipima kama kawaida. Na tangu hapo kila pipa lake lilipofika barabarani, Baba alilipandisha mwenyewe hadi kibandani, mpaka mwaka aliofariki bibi yule.

Mwanaidi alirudi kwenye dawati letu. Alinisukuma kwa kiwiko nisogee, akanipa nusu ya fyulisi, tukaendelea na hesabu za sehemu.

Siku hizi mambo yamerahisishwa. Mpwa wangu, Godi, ana kijitrekta cha kusukuma kwa mkono kule bondeni, na kikikosa nguvu anakipiga picha, anaituma kwenye simu, na kijana asiyemjua, wa mji asiowahi kufika, anamwambia anunue pampu mpya. Ananunua. Nilimuuliza kama alianza kwa kutazama filta. Akaniambia, "Shangazi, siku hizi hatutazami."

Mwezi uliopita gari langu lenyewe lilikosa nguvu nikipanda kutoka Mombo, kabla ya Soni. Nilisimama kando, nikafungua boneti, nikakuta plastiki nyeusi tupu iliyofunika kila kitu. Magari yalinipita, mazuri, madirisha yamefungwa. Bodaboda zilipiga honi kwa heshima. Nilikaa pale nusu saa nzima nikimsubiri fundi aliyeitwa kwa simu. Hakuna aliyeshuka. Hakuna aliyesema ni rejeta, hakuna aliyeomba, na hakuna hata mtu mmoja aliyenituhumu chochote.