Pikipiki ya Mapine Manne

Juzi kwenye harusi, papa mudogo, yaani mdogo wake baba, alishika mikro akaeleza jinsi alivyookoa mtaa wetu wa Mabanga wakati wa vita. Yeye, eti, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutambua hatari.

Mimi nilikuwepo. Alikuwa amenunua pikipiki kuukuu ya mapine manne, magurudumu kama ya gari. Breki hazikushika, lakini pesa yake kidogo iliishia kwenye rangi nyekundu na vioo. Kisha akakata bomba la moshi kwa msumeno ili mashine ingurume. Moshi ulinuka mpira ulioungua; mimi mutoto nilidhani ndiyo harufu ya nguvu.

"Panda, binti yangu," aliniambia alasiri ile. "Leo Goma yote itanijua!"

Akawasha. Pa! Pa! Pa!

Mama jirani aliangusha sufuria ya mboga ya sombe. "Waasi bamefika! Tukimbie!" Watoto wakafungwa migongoni, magodoro yakapanda vichwani, mtaa ukamiminika kuelekea barabara ya Sake. Papa mudogo alitazama watu, akaitazama mashine yake, kisha akawapita wote mbio, viatu mkononi. Nilibaki juu ya kiti, mashine ikiendelea kulipuka chini yangu. Nilidhani amekwenda kuwarudisha.

Mama ndiye aliyerudi kunichukua. Alivuta waya, kukawa kimya. "Mwanaume muzima," alisema, "anakimbia pikipiki yake mwenyewe!"

Pale harusini hotuba ilipokwisha, watu walipiga makofi kwa nguvu. Papa mudogo alishtuka, akautazama mlango.