Mzimu Unaopalilia Kahawa

Katika riwaya yangu ya kwanza yumo bibi aliyekwisha kufa. Kila msimu wa mvua anarudi shambani kwa wanawe kupalilia kahawa. Asubuhi watu wanakuta magugu yamelundikwa kando, na hakuna hata unyayo. Sikuyabuni yote. Nimekulia Mbozi, na huko marehemu hasahauliki upesi.

Walimu wa Vwawa wakanialika nikawasomee, wao na wazazi wa wanafunzi. Nilitoka Tunduma na mama mdogo, ambaye anaishi kwangu tangu afukuzwe kijijini kwake. Mtoto wa jirani alishikwa na degedege, akafa. Mama mdogo ni mjane, na macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Basi, wakasema ni yeye aliyemroga. Nyumba yake ilichomwa mchana kweupe, watu wakitazama.

Sijamaliza hata sura ya kwanza, akasimama mzee mmoja mwenye koti la kijivu. Nilimtambua palepale. Ndiye aliyeongoza kikao cha kumfukuza mama mdogo.

"Samahani, mwandishi," alisema. "Sisi ni Wakristo. Haya mambo ya mizimu ni giza. Unawafundisha watoto wetu ushirikina."

Baadhi ya watu wakapiga makofi.

"Mzee wangu," nikamwuliza, "huamini kwamba maiti anaweza kushika jembe?"

"Hata kidogo."

"Na mama huyu aliyekaa hapa mbele, anaweza kumuua mtoto kwa kumtazama?"

Alimwona mama mdogo, akageuzia uso dirishani. "Hilo ni jambo lingine," akasema. "Uchawi upo."

Jambo lingine! Bibi yangu wa kwenye karatasi, asiyemdhuru hata kuku, ni dhambi. Lakini hadithi yao wao, isiyo na mwandishi wala ushahidi, inatosha kumchomea mjane nyumba, na hiyo hawaiiti hadithi. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ambayo mama yangu mzazi angeikemea, kwa kuwa nilikuwa nasema na mtu mzima.

Mama mdogo akanivuta kitenge. "Mwanangu, yaishe. Twende."

"Hatuendi, mama. Safari hii hatuondoki sisi."

Mzee akatoka, na waliompigia makofi wakamfuata. Nikasoma mpaka mwisho wa sura mbele ya viti vitupu na walimu wachache walioinamisha vichwa. Mmoja wao alinishukuru mlangoni kwa kunong'ona. Kwa nini anong'one?

Tukiwa garini njiani, mama mdogo aliniuliza, "Huyo bibi wa kitabuni, hawakumfanya kitu?"

"Hawakumfanya kitu."

Akaitikia kwa kichwa, akatazama nje.

Hakuna aliyeulizwa lolote kuhusu ule moto. Shamba la mama mdogo bado lipo, na kahawa yake inachumwa na watu wengine mpaka leo.