Gari la Marehemu Halinywi Regula

Mume wangu alikuwa akilinywesha gari lake supa, ile petroli ya bei ya juu. Hakusema kulijaza wala kulitilia. Alisema kulinywesha, na alimtajia mhudumu wa pampu hilo neno supa kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Gari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, la kijani kilichokwisha kupauka, lililoundwa kabla sisi wawili hatujajuana, na lilikuwa limepita mikononi mwa Wazungu waliorudi kwao. Baada ya supa alitia kifuniko kimoja cha dawa nyekundu iliyouzwa hapo hapo kituoni katika vichupa vidogo. Nilidhani hivyo ndivyo injini zinavyotunzwa. Kazi yangu ilikuwa kukaa kiti cha kando na kushika mtoto.

Alifariki mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwa ugonjwa mfupi ambao sitausimulia hapa. Baada ya matanga wazee wa kwao, karibu na Kisian upande wa ziwani, waliketi kugawa vitu vyake. Mdogo wake, shemeji yangu, aliomba gari. Mimi nilikuwa muuguzi katika zahanati iliyo juu ya mlima, mbele ya Kisian, na watoto wangu walisoma mjini Kisumu, tulikoishi mtaa wa Kaloleni. Bila gari ingenibidi nihamie kule nyumbani kwao, na kuhamia kule maana yake ilikuwa kuwekwa chini ya shemeji, kwa namna ambayo kila mwanamke aliyeketi pale aliielewa na hakuna aliyeitaja. Nilisema gari nalihitaji kwa kazi. Baba mdogo wa marehemu, ambaye neno lake lilikuwa la mwisho, alikuna kidevu, akaamua.

“Gari ikae na mama watoto, bora inatembea. Siku itasimama barabarani, tunaivuta hapa, ikae na mwenyewe.”

Mwenyewe alikuwa kaburini, karibu na viti vyetu. Shemeji aliridhika upesi mno. Nilijua anafikiria umri wa injini.

Kuendesha nilikuwa nimejifunza kwa ubishi mume wangu akiwa hai, lakini kutunza injini sikujua, na sasa makao yangu yalitegemea hilo. Nikaanza kuuliza. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, kwa sababu Kisumu hakukosi mtu wa kukushauri. Jirani mmoja wa Kaloleni, mtu wa reli, aliniambia nidondoshe ndani ya tangi vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo kabatini, eti petroli inapata nguvu. Mchungaji wetu alipendelea spiriti. Fundi wa magari, mtu wa Mkoa wa Kati aliyekuwa na kibanda karibu na soko, alisema nichanganye petroli na mafuta ya taa, kwa kuwa injini kuukuu haina meno ya kutafuna supa. Kisha akaniuzia dawa nyekundu, kana kwamba hakuwa amesema lolote.

Neno lenyewe ndilo lililonifungua macho. Sisi tuna dawa ya kikohozi, dawa ya viatu, dawa ya kunguni, dawa ya mapenzi na dawa ya injini, na ukishakiita kitu dawa hakuna anayeuliza kinatibu nini. Mimi nilikuwa nimeshinda miaka mingi katika chumba cha dawa. Mgonjwa akija amekunywa vitu vinne kwa wakati mmoja, huwezi kujua kipi kinamponya na kipi kinamuua. Unaviondoa kimoja kimoja, unamtazama. Basi nikaanza na ile dawa nyekundu. Niliiacha kabisa, nikaendesha kwenda kazini na kurudi, kisha nikafungua plagi, zile zinazotoa cheche za kuwasha petroli, na kuzitazama kama ninavyotazama ulimi wa mgonjwa. Zilikuwa nyeusi kama zamani, wala si zaidi. Baadaye nikaacha supa nikaweka regula, petroli ya bei nafuu. Niliupanda ule mlima madirisha yakiwa wazi, nikisikiliza kama injini itagonga kwa ndani kama nyundo, maana kila mtu alikuwa ameniapia kwamba itagonga. Haikugonga. Baada ya majuma machache plagi zilikuwa na rangi ya kahawia, rangi ya chai ya maziwa, dalili kwamba injini inachoma mafuta vizuri, nami nikawa na furaha ambayo sikuwa na mtu wa kuieleza.

Habari zilimfikia shemeji kabla hata sijazizoea mwenyewe. Alikuja Kaloleni amevaa koti, akakataa chai.

“Yuora,” alisema, kwani ndivyo Wajaluo tunavyoitana mashemeji, “nasikia gari ya ndugu yangu siku hizi inakunywa regula.”

“Inakunywa regula na inapanda mlima.”

“Ndugu yangu hakuwahi kuipea regula. Hata siku moja. Watu wa sokoni Otonglo wananiuliza kama hii familia imeisha.”

“Waambie injini haina habari na watu wa Otonglo.”

Hakucheka. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Kwake petroli ilikuwa heshima, na aliona nimeanza kumlisha ndugu yake makombo.

Haukupita muda mrefu, mama mkwe akaletwa mjini kutibiwa macho. Alasiri ya kumrudisha nyumbani shemeji alifika kutusindikiza, akiwa na kopo la supa. Niliingia ndani kumchukulia mama mkwe leso yake, na nilipotoka nilimkuta shemeji anafunga kifuniko cha tangi. Mkononi alikuwa na kichupa kitupu. Alikuwa ameimimina dawa nyekundu yote, kitu kilichotiwa kifuniko kimoja tu kwa mara moja.

“Nimemsalimia ndugu yangu kidogo,” alisema.

Nilitaka kumtukana. Lakini mama yake alikuwa amekwisha kukaa kiti cha nyuma, pamba juu ya jicho moja, mkoba mapajani. Nikawasha gari.

Tulipita Otonglo salama. Mbele yake, kabla hatujafika Kisian, injini ilianza kukohoa. Nilikanyaga mafuta, ikanyanyuka, ikakohoa tena, kisha ikazima na gari likateleza pole pole hadi kando ya barabara. Shemeji akasema, bila kunitazama, “Imesimama,” akashuka, akanyoosha koti lake, akakata njia ya mkato kwenda kuwaita wazee na ng'ombe wa kuvuta.

Nilishuka kwa hasira. Nilifungua boneti. Supa haikuwa na hatia siku hiyo, hilo lazima niliseme. Ile dawa ilikuwa kali, na kwa wingi ule ilikuwa imebandua uchafu wa miaka yote kutoka kwenye kuta za tangi na kuusukuma hadi ndani ya kabureta, mahali ambapo petroli hupita katika kitundu chembamba kuliko tundu la sindano zangu za kazini. Nilikifungua, nikakipuliza kwa mdomo, nikatema petroli, nikapuliza tena. Plagi nilizipangusa kwa pindo la gauni. Mama mkwe hakushuka garini. Kisha nikachomeka handeli mbele ya gari nikaizungusha mpaka viganja vikachubuka, injini ikashika, ikatoa moshi mwingi wa kutia aibu, ikatulia.

Ndipo nilipowaona. Ng'ombe wawili na nira yao, mnyororo wa plau ukiburutwa, shemeji mbele, baba mdogo nyuma na fimbo.

“Lakini inanguruma,” mzee alisema.

“Ilisimama, Baba,” shemeji alisema. “Ilisimama kabisa. Mimi nilikuwa ndani.”

Mzee akanigeukia. Gari lilikuwa limesimama, na uamuzi haukusema lolote juu ya nani alimimina nini ndani ya tangi. Niliwaza ni wapi nitaweka vitanda vya watoto kule nyumbani.

Dirisha la nyuma likashushwa.

“Haikusimama,” mama mkwe alisema. “Mimi ndiye niliisimamisha. Nilishikwa na mkojo.”

Huyu alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, mwanamke ambaye mbele ya wanaume wa nyumba yake hata kupiga chafya aliona haya. Viatu vyake havikuwa na hata jani moja la nyasi. Shemeji alifungua mdomo. Ili kumpinga ingembidi asimame barabarani, mbele ya baba yake mdogo, abishane na mama yake juu ya mkojo wake. Akaufunga.

Mzee aliyatazama magurudumu. “Basi peleka mama nyumbani,” akaniambia, na ng'ombe wakageuzwa.

Nilitia gia. Kwenye kioo nilimwona mama mkwe anatazama nje kwa lile jicho lake moja, mdomo umebanwa, kama mtu aliyetoa kitu cha thamani na hataki kushukuriwa. Sikumshukuru. Nilimpenda wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda mwanawe.