Uzi wa Tano wa Baba Mdogo Gaudensi

Sisi tuliokulia Ruhuwiko, pale Songea, miaka ile ya ruksa biashara ilipofunguliwa, tulikuwa watu wa maendeleo sana. Juzi tu mama zetu walipanga foleni ya sabuni ya mche, leo duka lina sabuni za rangi nne, basi tukajiona tumeshafika Ulaya. Kila kilichoshushwa kwenye lori kutoka Dar kilikuwa bora kuliko tulichokuwa nacho, hata kama hatukujua kinafanya kazi gani. Vijana wa leo, wanaotengeneza wimbo mzima wakiwa wamelala kitandani na simu kifuani, wasitucheke. Ulimbukeni tuliuanza sisi.

Baba mdogo Gaudensi, mdogo wake baba, alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani kwake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mitumba ilipoingia, wateja wa suruali za kushona wakamkimbia, akabaki kupunguza viuno vya suruali za Wazungu wanene. Hakulalamika. Heshima yake mtaani ilitokana na gitaa la besi la kwaya yetu ya kanisani: jeusi, la nyuzi nne, limechubuka rangi pale mkono wake ulipozoea kukaa. Mimi niliimba sauti ya pili, nikisimama karibu na spika. Akianza kupiga, nilisikia besi tumboni kabla ya masikioni, ikitikisa togwa niliyokunywa kwa siri kabla ya Misa.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilikuwa katibu wa vijana wa kwaya. Cheo kikubwa. Nilitembea na daftari hata nilipotumwa dagaa.

Basi Bwana Rashidi, mfanyabiashara wa Nakapanya aliyehamia mtaani kwetu, akaacha korosho akaanza kuuza redio na vyombo vya muziki. Siku moja akaleta gitaa la besi jekundu, linang'aa, lina nyuzi tano. Jumamosi baada ya mazoezi likawekwa mezani, tukalizunguka kama mtoto mchanga. Mwalimu wa kwaya akauliza maoni ya vijana. Nikasimama na daftari langu.

"Nyuzi nne ni za zamani," nikasema. "Wenzetu mjini wanaenda na wakati. Tukibaki na nne tutachekwa."

Baba mdogo akauliza taratibu, "Huo wa tano unafanya kazi gani, mwanangu?"

"Unaongeza besi," nikajibu.

Watu wakapiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyejua unaongeza wapi. Baba mdogo akatazama makofi yale, akasema sawa, atajaribu.

Gitaa likanunuliwa, naye akapewa siku nne tu, kwa sababu Jumatano Askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara. Kanisa likajaa mpaka nje. Tukaanza wimbo wa kuingia, na palepale nikahisi sakafu inavutwa chini ya miguu yangu. Kwa miaka yote mkono wake ulizoea kwamba uzi mnene wa juu kabisa ndio wa kuanzia. Sasa uzi mnene wa juu ulikuwa huyo mgeni, mnene kuliko wote, na mkono ukamfuata bila kuuliza. Sisi tukaimba huku, besi ikapiga kule chini. Mwalimu wa kwaya akamkata jicho. Akajirekebisha, akakosea tena. Wimbo wa pili, vilevile.

Nilicheka. Niseme ukweli, nilificha uso kwenye kitabu cha nyimbo nikacheka mpaka mabega yakatikisika, na aliniona.

Kabla ya wimbo wa tatu alichomoa waya, akalaza gitaa kwenye benchi, akashuka akaenda kukaa na waumini. Akaimba pamoja nao mpaka mwisho, mikono magotini. Jumapili iliyofuata hakuja kwenye kwaya, wala iliyofuata.

Nafasi yake ikachukuliwa na Bwana Afya mmoja mgeni, aliyehamishiwa Songea na mwenye uzoefu mkubwa, kwa maelezo yake mwenyewe. Huyo aliupenda uzi wa tano. Alipiga Misa nzima kwa uzi huo mmoja, vioo vikalia, bibi zetu wakashika vifua. Tulikuwa tumeendelea kweli. Bwana Rashidi alipolalamikiwa alisema, "Wallahi mimi nimeuza gitaa, mpigaji sikuuza."

Wiki ya tatu nikaenda barazani kwa baba mdogo, bila daftari. Alikuwa anafumua suruali.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umeleta nguo?"

"Hapana. Nimekuja kuomba radhi. Nilisema nisilolijua, halafu nikakucheka."

Akaendelea kufumua.

"Uliponicheka niliumia," akasema. "Ila kosa si lako peke yako. Niliona aibu kusema mbele ya watoto kwamba sijui. Mitumba imenichukulia cherehani, nikaogopa na besi itaondoka." Kisha akaweka mkasi chini. "Kaniletee hilo gitaa, tuone."

Ikawa kila Jumamosi asubuhi. Umeme haukuwepo, kwa hiyo aliegemeza kidevu kwenye mbao za gitaa ili asikie, mimi nikiimba mstari uleule hadi koo likakauka. Ilichukua masika yote. Akauzoeza mkono kuuruka uzi wa juu, kupumzisha kidole gumba juu yake, kuanzia wa pili. Siku moja akasimama ghafla. Katika wimbo wetu wa komunyo kulikuwa na mahali sauti zote zinashuka, na yeye kwa nyuzi nne alikuwa akifika chini anakosa pa kwenda, anarukia juu. Sasa akashuka nami.

"Kumbe ni hapa," akasema, akacheka peke yake.

Aliporudi kwaya, Bwana Afya akahamia kwenye ngoma, anakostahili. Misa nzima baba mdogo alipiga nyuzi nne tu. Kwenye komunyo akaugusa wa tano, mara moja, mwishoni. Mama yangu, asiyejua besi ni nini, alifumbua macho akatazama juu kwenye dari.

Mwaka jana nilikwenda Ruhuwiko. Baba mdogo alishatutoka. Kwaya ina kinanda chenye kila kitu ndani, besi ni kitufe, na kijana mmoja akanieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mgonjwa, kwamba kitufe hakikosei. Kweli hakikukosea. Waliimba vizuri kuliko sisi tulivyowahi kuimba. Nilisimama karibu na spika Misa nzima nikisubiri besi inifike tumboni, kisha nikatoka nje na watu wengine, tukasalimiana, tukaulizana habari za mvua.