Mchele mgongoni mwa kiwavi: nilivyoshukiwa uchawi La Rochelle kwa kosa la nyigu

Wakuu, habari za humu.

Naandika kwa mkono wa kushoto peke yake, herufi zikirukaruka mnivumilie. Habari ya mkono wa kulia mtaikuta chini.

Sitatia chumvi. Nina daftari la mambo ya kila siku, na pale nisipokuwa na hakika huwa naandika "sina hakika". Kurasa nyingi ziko hivyo.

Mimi ni mtu wa Tanga, shule niliishia darasa la saba. Nimepanga chumba cha uani hapa La Rochelle, Joburg. Chumba cha pili anakaa Mama Espérance, Mkongo wa Uvira, kazi yake kusuka nywele. Mwenye nyumba ni bibi wa Kizulu, wote tunamwita Gogo, yaani bibi; maneno yake nawatafsiria.

Mimi na Mama Espérance tuna tuta la matembele nyuma ya nyumba. Dogo, kama milango miwili ukiilaza chini. Lakini dukani matembele huyapati, na ndicho kitu pekee ambacho mimi na yeye hatujawahi kubishania.

Mvua zikanyesha, viwavi wakaja. Wanene kama kidole, na wana pembe matakoni. Ndiyo, matakoni. Sikuwaumba mimi.

Gogo akamkuta mmoja kwenye shuka lake lililoanikwa kambani. Akatuita wote wawili.

"Mwisho wa mwezi nikiona tena hawa wadudu, napiga paving hapo, napaki gari."

Gogo hana gari. Ila ni mtu wa kununua gari ili kukukomoa tu.

Nikaanza kuwasaka. Nikaona baadhi yao wana vitu vyeupe vimesimama mgongoni, mfano wa punje za mchele. Nikajisemea, haya ni mayai. Basi kwa akili yangu ya darasa la saba nikapanga mkakati: nianze na wenye mimba. Kila asubuhi nawachuma wenye mchele, nawatia kwenye maji ya moto. Wasio na mchele nawaacha, zamu yao itafika.

Wiki mbili hivi, viwavi wakazidi. Tuta likabaki vijiti.

Siku moja Mama Espérance akamwona mmoja kabla sijamchuma.

"Tanga! Huyu mududu iko na muchele mu mugongo!"

"Ni mayai hayo, Mama Espérance."

"Mayai? Weye mutu ya Tanga, unaniambia mayai? Nani alimupikia?"

Wakuu, mnaijua sifa ya kwetu ya uchawi. Na nisimwonee: kwa upande wake hesabu ilikuwa inakaa. Kuna mtu wa Tanga, kuna mchele juu ya mdudu, na shamba linakufa. Mimi mwenyewe nilijishuku kidogo.

Akatoa hukumu. Kiwavi atiwe kwenye chupa ya achari, mdomo ufungwe kitambaa, na chupa ilale chumbani kwake.

"Nione kama utakuja kuongeza ingine."

Yule kiwavi hakula, hakufa. Alisimama tu kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni. Siku ya sita (Mama Espérance anasema ya tano, naacha zote mbili) nikasikia kelele.

"Tanga! Muchele inafunguka! Kuya uone!"

Kila punje ilikuwa na kifuniko chake, kama sufuria. Vikatoka vidudu vyeusi vyenye mabawa, vidogo kuliko mbu, kiuno chembamba, papasi ndefu zinazopapasa muda wote.

Nikapiga picha, nikaituma kwenye group moja la watu wa wadudu. Nikajibiwa kwa heshima kuliko nilivyostahili.

Ni nyigu, wakuu. Aina ya parasitoid. Mama anamdunga kiwavi kwa sindano ya nyuma na kumtagia ndani. Watoto wanamla kiwavi akiwa hai, mafuta kwanza, viungo vya uhai wanavikwepa ili nyama isiharibike. Wakishiba wanatoboa ngozi, kila mmoja anajisokotea nyumba ya hariri. Ule mchele ndio hizo nyumba. Kupe hukunyonya ukabaki hai, hawa ni wapangaji wanaommaliza mwenye nyumba. (Gogo, kama kuna mtu anakutafsiria huu uzi, sisemi kitu.)

Kwa hiyo wiki mbili nilikuwa nachemsha askari na kuwaachia wezi shamba. Daftarini siku hiyo niliandika neno moja tu, siwezi kuliweka hapa.

Tukiwa bado tunashangaa, Gogo akaingia.

"Iminyovu? Nyigu? Ndani ya nyumba yangu?"

Msimu uliopita nyigu walimuuma sikio. Akasema hangoji mwisho wa mwezi, fundi wa paving anaitwa kesho.

Nikajieleza, nikachanganya. Mama Espérance akanisukuma pembeni, akafungua kitambaa, akatia mkono mzima kwenye chupa.

"Gogo, angalia. Nililala nayo chumba moja. Iliniuma? Hapana. Ni ya viwavi, si ya watu."

Vilimtembea kwenye kucha za rangi, basi. Gogo akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Haya. Shamba libaki."

Hapo ningenyamaza ningekuwa mtu mwenye akili. Ila ningemwacha anaamini nyigu wote ni wapole, na si kweli. Nikasema: "Gogo, wale wenye miguu mirefu, wenye nyumba ya karatasi juu ya mlango wako, hao ndio waliokuuma. Na watakuuma tena."

Gogo akaniangalia.

"Sharp, sawa. Kwa kuwa unawatambua, kawatoe."

Ndiyo habari ya mkono wa kulia. Umevimba kama andazi.

Nilichojifunza: mdudu usiyemjua mtie kwenye chupa kwanza, maji ya moto baadaye. Sasa wenye mchele nawaacha, nachuma wasio nao. Matembele yameanza kuchipua. Sina hakika ni nyigu au ni mikono yangu.

Jana Mama Espérance alinipa sahani ya kwanza ya hayo machipukizi. Alikula yeye kijiko kimoja mbele yangu, ndipo akanisogezea. Nikamuuliza ya nini, mimi ndiye niliyeshukiwa.

"Nilikushuku bure, Tanga. Leo unishuku weye."

Sikumshuku. Nilikula kwa mkono wa kushoto, Mungu anisamehe.

Wenye bustani mnaokutana na huo mchele, leteni picha. Na mwenye dawa ya uvimbe asipite kimya. Watani wa Tanga, karibuni, nawasubiri.