Orodha ya Chai ya Saa Tano

Kwa mara ya tano asubuhi hiyo, mpishi mstaafu wa gereza alifuta katogo, matoke yaliyopikwa pamoja na nyama, kwenye orodha, akaandika maharage. Nabifo, binti yake, alishusha pumzi. Siku ya Krismasi ndugu arobaini wangetoka Mbale kuja kwao Jinja kunywa chai nzito ya saa tano, ile ya kushibisha kama mlo, na hata kitunguu kimoja kilikuwa hakijanunuliwa. Mzee alilamba ncha ya penseli, akagonga meza kwa mpini wa kijiko, akasoma kwa sauti ya gwaride: "Mayai. Viazi vitamu. Maharage." Akasita, akafuta mayai. "Mayai hayatoshi watu. Maharage yanatosha siku zote."

"Baba, hawa ni wageni, si wafungwa," alisema Nabifo, uvumilivu umemwishia. "Wewe mwenyewe unapenda kula nini?" Penseli ilisimama. Vidole vinene, vyenye makovu ya mafuta ya moto, vikatulia juu ya karatasi. "Sijui," alisema polepole. "Miaka thelathini na moja nimekula kilichobaki sufuriani." Nabifo aliichukua penseli taratibu, akaigeuza karatasi upande mweupe. "Basi tuanze na chako," alisema, akangoja.