Nyanya zangu juu ya paa la Mama Akinyi

Leo upepo umeng'oa nyanya zangu na kuzitupa juu ya paa la jirani.

Kosa ni langu.

Nilizungushia bustani neti kuukuu ya mbu ili kuku wasiingie, kisha nikafunga miche kwenye hiyo hiyo neti. Mvua ililegeza udongo, upepo ukavuta neti, na miche yote kumi na miwili ikafuata.

Ilibidi nibishe hodi kwa Mama Akinyi. Mnanijua, mimi hata salamu huitoa chini chini.

"Nyathina, mwanangu," akacheka, "tangu umalize shule hujanitembelea. Leo umetanguliza nyanya?"

Nilitamani kukimbia. Lakini alinishikia ngazi, akanipa na vijiti vya kuegemeza miche.

Nyumbani nilimkuta Mama ameshika jembe. "Basi nipande sukuma wiki yangu. Nilikupa hii bustani ujaribu, na umejaribu."

"Hapana, Mama," nikasema.

Kwa sauti! Sote wawili tulishtuka.

Mitatu ilivunjika, lakini miche tisa imerudi ardhini, kila mmoja na kijiti chake. Mama amenipa hadi Jumapili kuona kama itashika.

Mliowahi kupanda nyanya, niambieni nifanye nini zaidi. Nimesimama hapa, matope hadi magotini, na siondoki.